Waliuliza Ziara Inaanza Lini, Hawakuuliza Baba Anameza Aje

Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, na boma letu liko Kimulot, pale chai inapokaribia msitu. Wasomaji wenzangu, naandika nikiwa na hasira, sitawaficha. Nikiwakumbuka wale mashabiki nasikia kinyaa...

Baba yangu alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Itare Rockers. Kama ulilelewa upande huu wetu, wazazi wako waliicheza roki yake harusini wakatoka na vumbi mpaka magotini. Bendi ilikuwa imenyamaza miaka mingi. Halafu mpiga ngoma wao akahojiwa redioni, akasema kwa mzaha kwamba huenda wazee wakafanya ziara moja ya mwisho kabla hawajafa.

Basi! Watu wakashika moto.

Kitu ambacho mpiga ngoma hakusema ni kwamba baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno hayakutoka, alikuwa ananguruma tu na kunitazama. Mama alishatangulia na ndugu zangu wako mbali kikazi, kwa hivyo nilimleta kwangu. Majirani walinong'ona sana. Tangu lini mzee wa Kipsigis akaishi kwa mkwewe? Lakini mume wangu, Baba Kiprono, alikubali bila maneno mengi, nikamshukuru Mungu kwa kunipa bwana mwenye roho nzuri. Heri ningejua!

Daktari alituketisha sote wawili akatueleza polepole. Koo la mzee limelegea. Kitu chepesi, kiwe maji, chai au maziwa, kinaweza kupotea njia kikaingia kwenye mapafu, na hapo tutampoteza. Kila kitu kiwe kizito, kijiko kwa kijiko, akiwa ameketi wima. Baba Kiprono alisikia. Alikuwa ameketi kando yangu akiitikia kwa kichwa!

Huku nyumbani namlisha baba uji mzito kwa kijiko, kule kwenye grupu ya mashabiki kumewaka. Nilikuwa ndani ya hiyo grupu, nasoma tu kimya. Mmoja anasema ziara itaanzia Sosiot. Mwingine anaapa ni Kipkelion, ati binamu yake ameona vijana wakifyeka uwanja. Wengine wakatukanana kabisa kuhusu wimbo utakaofungua shoo. Mtu akiuliza mbona mwimbaji haonekani, anajibiwa kwamba huo ni ujanja wa wasanii wakubwa, wanajificha ili watu wawe na hamu.

Ujanja! Baba yangu hawezi kujifunga kifungo cha shati, na wao wanaita ujanja!

Kisha akatokea mtu mmoja wa kujiita Mtu wa Ndani. Huyo ndiye waliyemwamini kuliko wote. Aliandika kwamba mzee anafanya mazoezi kila asubuhi, sauti ni ile ile. Watu wakamwita mkubwa, wakambariki na vizazi vyake. Siku moja akaweka picha ya gitaa ya baba ikiwa imeegemea kochi... Nikaitazama ile picha tena. Kitambaa cha kochi kilikuwa changu. Nilikishona kwa mkono wangu, maua ya zambarau, na pembeni pale mtoto alipokichoma na pasi.

Mtu wa Ndani alikuwa mume wangu.

Nilipomuuliza hakuona hata aibu. Alicheka. "Mama Kiprono, acha wivu. Watu wanampenda mzee, ni vibaya?" Nikamwambia anadanganya watu kwa jina la mgonjwa. Akasema siku hizi akipita sokoni kila mtu anamsalimia, zamani hakuna aliyemjua. Akaongeza kwamba hii ni nyumba yake, na nikichoka nimpeleke baba kwa ndugu zangu. Nikarudi jikoni kukoroga uji wa baba. Ningempeleka wapi?

Wale mashabiki hawakutosheka. Walitaka kumwona. Mmoja akakumbusha kwamba kwetu shujaa hatoki kwenda safari bila kupewa mursik, yale maziwa yetu yanayolazwa kwenye kibuyu mpaka yachache. Mwingine akaapa kwamba mursik ya ng'ombe wa kienyeji inarudisha sauti ya mwimbaji. Mtu wa Ndani, yaani huyu bwana yangu, akawajibu: leteni.

Jibu hilo sikuliona mapema. Siku hiyo nilikuwa nimebeba majani ya chai mpaka kituo cha kupimia. Lori la kiwanda lilikwama kwenye matope na likachelewa kufika. Ukiyaacha majani yanapata joto, yanakataliwa, kwa hivyo nililazimika kungoja. Baba nilimwacha na mume wangu. Nilimwachia na uji mzito kwenye flaski...

Nilipokaribia nyumbani nikaona magari mlangoni. Nikasikia watu wakiimba wimbo wa baba, wakipiga makofi. Nikakimbia nikidhani labda amepata nafuu. Mjinga mimi!

Sebule ilikuwa imejaa watu wazima waliovaa fulana zenye sura yake ya ujana. Simu zote juu. Wamemvisha kofia yake ya jukwaani, wamemwekea gitaa mapajani, ile mikono imelala tu juu yake. Mume wangu amekishika kibuyu, amemlaza baba kichwa nyuma, anammiminia. Baba anakohoa. Macho yamemtoka, yananitafuta. Na wale watu... Mungu wangu! Wale watu wakashangilia!

"Sikieni! Anaimba!"

Nilikipiga kile kibuyu kikaruka mpaka ukutani. Mwanamke mmoja akaniambia nina roho mbaya, kwamba naficha shujaa wa watu. Mwingine aliendelea kurekodi huku nikimpangusa baba maziwa kidevuni. Hakuna aliyeuliza mzee ana nini. Hakuna! Waliuliza kama Sosiot ni ya kwanza.

Usiku huo homa ikapanda. Tukamkimbiza hospitali. Mapafu yalikuwa yamejaa, na alivuta pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia. Wiki haikuisha, baba akaenda. Nilikuwa nimemshika ule mkono mzima.

Mnadhani walinyamaza? Kabla hatujachimba kaburi, grupu ilikuwa inabishana kuhusu ziara ya kumbukumbu. Nani ataimba? Itaanzia wapi? Mume wangu alikuja mazishini na ile fulana, akashika maikrofoni na kulia mbele ya watu. Sasa nakaa na wanangu kwa dada yangu, kule mbali anakofanya kazi. Baba Kiprono ametuma wazee waniombe msamaha, na nimewauliza swali moja tu: daktari alipokuwa akituambia, yeye alikuwa akisikiliza nini?

Wenzangu, ukimpenda msanii aliyezeeka, kabla hujauliza atacheza lini, uliza anaendeleaje. Mwenye nyumba akikuambia mgonjwa hawezi, amini, urudi kwenu. Na wewe unayelea mgonjwa, usimwachie mtu anayependa sifa, hata kama mnalala kitanda kimoja. Mimi niliona dalili nikanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na sasa sina nyumba na sina baba.

Juzi nilikuwa sokoni nikinunua sukuma. Simu ya mtu ikalia kando yangu, na mlio wake ulikuwa ile sauti ya baba akikohoa siku ile. Wameikata kutoka kwenye video, wameiita wimbo wake wa mwisho, na wanagawiana. Yule mtu alitabasamu akaniuliza kama mimi pia ni shabiki.

Ule si wimbo. Ule ni mzee anayezama kwenye maziwa akiwa ameketi kwenye kochi langu. Kama uko nao kwenye simu yako, nakuomba, ufute leo.