Mikono ya Baba Chepkurui

Siku za kuchuma chai, kazi ya Chepkurui ilikuwa kukimbia. Wazazi wake walikuwa na shamba dogo la chai upande wa Silibwet, na lori la kiwanda lilikuwa na tabia zake: leo linakuja mapema, kesho linakuja watu wamechoka kulingoja. Aliyefika mwisho kwenye kituo cha kupimia majani alipimiwa mwisho, na majani yakikaa sana ndani ya gunia hupata joto na kuharibika. Kwa hiyo mama yake, Joan, alipokuwa akifunga gunia, Chepkurui alitumwa mbele na kikapu akashike nafasi kwenye laini. Alishuka kilima, akavuka mto kwenye daraja la mbao, akapanda ng'ambo ya pili. Majirani walipofika, walimkuta ameketi kando ya kikapu chake anatafuna muwa, kama mtu ambaye hajatoka popote.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Shuleni hapakuwa na msichana wa kumshinda katika mbio ndefu, na wavulana waliomshinda hawakupenda kuulizwa walimshinda kwa kiasi gani. Mwalimu Mokaya, aliyesimamia michezo, alikuwa amemwambia kwamba akifanya vizuri katika mashindano ya kaunti, angemtafutia nafasi kwenye shule yenye kambi ya wanariadha. Tangu siku hiyo msichana huyo hakutaka kitu kingine duniani.

Maumivu yalianza wakati wa mvua, kwenye mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Chepkurui alidhani ameteguka, akanyamaza. Tusimwite mwongo haraka. Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za pande zile, mtoto alisifiwa kwa kutolia. Akichomwa sindano hakukunja uso, na aking'olewa jino aliambiwa ameonyesha ni mtoto wa nani. Baba yake, Jonah, alikuwa mkimbiaji katika ujana wake. Aliamini kwamba mwanariadha asiyeumwa ni yule ambaye hajafanya mazoezi.

Baba alijua habari ya mguu huo siku alipomwona bintiye akichechemea kutoka mtoni. Hakumgombeza. Jioni alimketisha kwenye kigoda karibu na moto, akapasha mafuta ya maziwa katika viganja vyake, akaanza kumkanda.

Jonah alikuwa na mikono yenye sifa. Vijana wa mbio walitoka mbali wakimletea misuli iliyokaza na vifundo vilivyoteguka, naye aliwakanda bila kumtoza mtu hata shilingi. Ilikuwa mikono migumu ya mtu wa chai, yenye madoa meusi ya utomvu yasiyotoka kwa sabuni, lakini ikigusa mguu unaouma ililainika. Chepkurui alizipenda jioni hizo. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na kumkanda ndiyo ilikuwa njia yake ya kumwambia kwamba anampenda.

Uvimbe ukatokea. Jonah alisema ni damu iliyoganda, akazidi kukanda. Mama alitaka mtoto apelekwe hospitali, lakini baba alimjibu kwamba mguu wa mkimbiaji huvimba na kupona, yeye ameona mingi. Kila jioni alimuuliza bintiye swali moja.

"Inauma?"

"Kidogo tu, Baba."

Haikuwa kidogo. Ilikuwa inauma hadi machozi yakamtoka, naye akayasingizia moshi wa jiko. Aliogopa kwamba akisema ukweli atazuiwa kwenda kwenye mashindano. Basi baba akaendelea kukanda kwa upendo, naye binti akaendelea kuficha kwa ujasiri, na ugonjwa ukawa unajipatia nafasi katikati yao.

Siku ya mashindano Chepkurui aliongoza mzunguko wa kwanza. Katika mzunguko wa pili alianguka ghafla, na watu waliokuwa karibu walisema walisikia kitu kikilia kama kuni kavu ikivunjika. Mwalimu Mokaya alimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Hospitalini walipiga picha ya mfupa, na daktari aliiangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akauliza uvimbe ulianza lini. Mama akamwambia ulianza mahindi yakiwa machanga. Yale mahindi sasa yalikuwa yamekauka shambani.

"Na mmekuwa mkiufanyia nini?" daktari aliuliza.

"Nimekuwa nikiukanda," Jonah akasema. "Kila jioni."

Daktari hakumkaripia. Alisema tu kwamba uvimbe wa namna ile haukandwi, kisha akaandika wapelekwe hospitali ya rufaa. Huko walichukua kipande kidogo cha mfupa kwenda kukipima, na majibu yalipotoka familia iliitwa katika chumba kidogo. Ilikuwa saratani ya mfupa. Chepkurui angepewa dawa kali, kisha mguu ungekatwa chini ya goti, kisha dawa tena. Jonah aliuliza kama ni yeye aliyeuleta ugonjwa ule. Daktari akamweleza kwamba kukanda hakuleti saratani, ila kunaweza kuuchokoza uvimbe, na tena kuliwapotezea muda ambao wangeutumia kuuokoa mguu.

Jonah alitoka nje, akaketi kwenye benchi la korido, akaitazama mikono yake. Kisha akaitia mfukoni. Kuanzia siku hiyo watu walizoea kumwona hivyo, hata kwenye jua kali.

Wodi ya watoto ilikuwa na harufu ya dawa na uji. Nywele za Chepkurui zilinyonyoka, mdomo ukajaa vidonda, na hata mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, aliyoletewa kutoka nyumbani, ambayo aliipenda kuliko soda, ilimshinda kumeza. Usiku mguu ulimchoma, naye aling'ata shuka asisikike.

Kwenye kitanda cha pili alilala Yunia, msichana wa umri wake. Wazazi wake walitoka Kisii, wakawa vibarua wa kuchuma chai katika shamba kubwa karibu na Kericho. Yeye alikuwa na uvimbe pajani. Yunia alisema kila kitu. Alisema sindano inauma, mto ni mgumu, uji hauna sukari, na dawa ya leo inachoma kuliko ya jana. Mwanzoni Chepkurui alimdharau. Alimwona mwoga.

"Wewe hujachoka kulalamika?" alimuuliza siku moja.

"Silalamiki, nasema," Yunia akajibu. "Daktari anaweza kuona mfupa wangu kwa mashine, lakini maumivu hayaoni. Hayo ni mpaka mimi nimwambie. Sasa wewe ukinyamaza hivyo, unamsaidia nani?"

Muuguzi alipopita, Yunia akamwita akamwambia kwamba jirani yake haumwi kidogo kama anavyojifanya. Muuguzi alileta dawa, na Chepkurui alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu afike pale. Walikuwa marafiki kuanzia asubuhi yake. Yunia alimtania kwamba akitoka hospitalini atakuwa kocha wake, kwa kuwa ana mdomo wa kutosha kusikika uwanja mzima.

Mguu ulikatwa. Hakuna njia nzuri ya kusema jambo hilo. Chepkurui aliamka, akatazama shuka lilivyolala bapa mahali palipokuwa na mguu, akageukia ukutani. Kwa siku nyingi hakutaka kuzungumza na mtu. Yunia alimwacha, akawa anamwimbia tu nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya, mpaka akamchekesha bila kupenda.

Kisha Yunia akaanza kusema kifua kinamuuma. Alisema mapema, kama kawaida yake, lakini ugonjwa wake ulikuwa umeshatembea hadi mapafuni kabla hata hajafika hospitalini. Alifariki wiki ambayo Chepkurui aliambiwa anaweza kwenda nyumbani kupumzika kabla ya kurudi kwa dawa zilizobaki. Mama wa Yunia, Nyakerario, alikunja blanketi la mtoto wake, akalikunjua, akalikunja tena. Chepkurui alitaka kulia. Alishindwa, kwa sababu alikuwa amejizoeza kutolia muda mrefu mno.

Dawa zilipokwisha na vipimo vikawa safi, alitengenezewa mguu wa bandia. Mtaalamu wa viungo alieleza kwamba sehemu ya mguu iliyobaki ikandwe kila siku na mtu wa nyumbani, ili ngozi izoee na maumivu yapungue. Mama alitazama baba. Baba alitazama sakafu. Basi kazi hiyo ikawa ya mama, ambaye alijitahidi, lakini vidole vyake havikujua njia.

Wiki zikapita. Jonah alilisha ng'ombe, akachuma chai, akajibu salamu, na mikono ikarudi mfukoni. Nyumba ile ilikuwa na huzuni ambayo hakuna aliyeitaja. Jioni moja Chepkurui alijisogeza na magongo yake hadi kwenye kigoda kilekile karibu na moto, akaketi, akaunyoosha mguu.

"Baba, inauma," akasema. "Na mama hajui pa kushika."

Jonah alitikisa kichwa. "Mikono hii ndiyo iliyokuharibia mguu, mwanangu. Usiniombe hivyo."

"Mikono yako ilikuwa ikiniuliza kila jioni. Ni mimi niliyeidanganya. Nilisema kidogo, na ilikuwa inauma sana."

"Wewe ni mtoto. Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza," baba akasema. Akatoa mikono mfukoni, akapasha mafuta. Kila alipogusa aliuliza, na safari hii kila alipouliza alijibiwa ukweli: hapa ndiyo, hapa hapana, hapo ngoja kwanza. Jonah alikanda huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni, wala hakusingizia moshi.

Siku ya michezo ya shule ilipofika mwaka uliofuata, Chepkurui alikuwa amejifunza kutembea vizuri na kukimbia polepole, daktari akiwa amekubali. Aliomba aandikishwe mbio za mita elfu moja na mia tano. Mwalimu Mokaya hakumpa nafuu yoyote, kwa kuwa alijua hangeitaka. Filimbi ikalia, wenzake wakaondoka, naye akawafuata kwa mwendo wake mpya wa kuruka upande mmoja.

Katika mzunguko wa pili alihisi kitu kinamchoma ndani ya mguu wa bandia. Chepkurui wa zamani angeng'ata meno. Huyu alisimama, akainua mkono.

"Inauma," alisema kwa sauti, shule nzima ikasikia.

Jonah, aliyekuwa miongoni mwa wazazi waliokuja kutazama, alivuka kamba, akapiga magoti kwenye nyasi, akamvua mguu ule. Soksi ya ndani ilikuwa imejikunja na ngozi imekuwa nyekundu. Alipangusa jasho, akakanda taratibu, akamvisha soksi nyingine, akamrudishia mguu. Wakati huo wasichana wengine walikuwa wamemaliza na wanakunywa maji.

"Bado inauma?" akauliza.

"Kidogo," Chepkurui akajibu. Kisha akatabasamu. "Na leo ni kidogo kweli."

Akasimama, akamaliza mbio zake. Alikuwa wa mwisho, kwa mbali sana. Mwalimu Mokaya aliandika jina lake kama alivyoandika ya wengine wote, kisha akamwomba Jonah awaambie wanafunzi neno. Jonah hakuwa amewahi kuhutubia watu. Alisimama mbele yao, mikono yake yenye madoa ya chai ikiwa wazi.

"Watoto wangu, mimi nilidhani shujaa ni yule anayenyamaza," alisema. "Nilimfundisha huyu hivyo, na imetugharimu mguu. Ukiona uvimbe mwilini ambao haupungui, usiufiche, wala usikubali ukandwe, hata kama anayekukanda ni baba yako na anakupenda. Mwambie mzazi, mwambie mwalimu, na akikupuuza mwambie mwingine, mpaka upelekwe hospitali. Na sisi wakubwa, mtoto akisema anaumwa, tumsikilize. Kusema panapouma kunahitaji ushujaa kuliko kunyamaza. Mimi nimejifunza nikiwa nimechelewa. Nyinyi jifunzeni leo."

Chepkurui alikuwa ameketi kwenye nyasi, mguu wa bandia ukiwa kando yake, akimfikiria Yunia ambaye angekuwa kocha wake, na ambaye sauti yake ingesikika uwanja mzima. Akalia hapohapo, kwa sauti, mbele ya shule nzima. Baba yake akaja akaketi naye, na hakuna aliyemwambia anyamaze.