Sketi Fupi kwa Vidole Viwili

Duka la fotokopi lilifurika watu asubuhi ile, na mwalimu wa hesabu, shati la samawati limelowa jasho mgongoni, akamkanyaga fundi cherehani mguu.

"Samahani, dada."

"Samahani haiponyi kidole," fundi akamjibu huku akicheka. "Ninunulie soda."

Alimnunulia. Miezi minne baadaye walikuwa hawapitishi jioni bila kupigiana simu.

Jumatatu moja, mdogo wake fundi alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, macho mekundu. Shuleni wamemtoa kwenye chumba cha mtihani. Sketi yake ilipanda juu ya goti kwa vidole viwili, na kanuni mpya haitaki.

"Hata jina nilikuwa sijaandika, dada."

Sketi ile fundi aliishona mwenyewe mwaka uliopita. Mtoto amerefuka, basi! Damu ikamchemka. Akaenda shuleni, akazuiwa getini. Akarudi, akaingia kwenye jukwaa la wazazi mtandaoni, akamwaga yote bila kutaja jina lake. Wengine walimtetea, wengine wakamwambia akajifunze kulea.

Jioni mwalimu akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mpenzi, leo nimemnyoosha mzazi mmoja jukwaani. Eti analilia sketi! Nikamwambia kanuni ni kanuni, apime nguo kabla ya kulaumu shule yetu."

Fundi akasimamisha cherehani. "Mzazi huyo ni mimi."

"Unasema?"

"Aliyetolewa ni mdogo wangu. Sketi nimeshona mimi. Haya, ninyooshe!"

Akakata. Simu iliita mara kumi na moja, hakuigusa. Siku mbili nzima alishona kwa hasira hadi sindano tatu zikavunjika.

Alhamisi, mteja akamwonyesha jukwaa. Mwalimu alikuwa ameandika kwa jina lake kamili: "Mimi nafundisha shule hiyo. Kanuni hii tuliipitisha kikaoni kwa dakika tano, na mkono niliunyoosha. Wasichana kumi na tisa wamekosa mtihani. Mvulana hata mmoja hajapimwa chochote. Tumewaonea."

Kesho yake wazazi walijaa ofisini kwa mkuu wa shule hadi akakubali wote kumi na tisa warudie mtihani. Mwalimu naye akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Akaja nayo moja kwa moja kwa fundi.

"Unataka nikupigie makofi?" fundi akauliza, mguu haujaacha cherehani.

"Hapana. Nimekuja kuomba radhi, na si kwako kwanza. Yuko wapi?"

Msichana alitoka chumba cha nyuma na daftari mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtihani ni Jumatatu, mwalimu. Milinganyo siielewi kabisa."

Mwalimu akachukua kalamu.

"Bado nimekukasirikia," fundi akasema.

"Najua, mpenzi."

"Usiniite mpenzi mbele ya mwanafunzi," akafoka, kisha akamsogezea kiti.