Dirisha la Upande wa Bahari

"Futa michoro yako kwenye meza yangu, Dereva! Mimi siendi tena."

Hata kofia sijavua. Jana tu mimi na Fundi tuliinamia meza hiyohiyo ya kukatia nguo, tukachora safari kwa chaki yake: barabara ya pwani, majabali, vijiji, mpaka kule kwenye mnara wa taa, na njia ya juu inayopita mashambani. Safari hii tuliahidiana tangu aliponishonea kava za viti vya pikapu yangu kuukuu, akaniuliza kama viti vizuri vile vitakaa tupu mpaka lini. Tulishapanga kila kitu kwa umaskini wetu: chakula tunabeba, chai kwenye chupa, mafuta tunachangia. Leo sauti yake inakata kama mkasi mpya.

"Kuna nini, Fundi?"

"Kamuulize mwenzako wa njia ya juu."

"Mwenzangu gani?"

Mdogo wake alikuwa kochini anapaka rangi kucha. Akacheka kwa pua.

"Mzee wa malori, usijitie hujui. Watu wakitaka bahari wanakwenda baharini. Wewe unamzungusha dada yangu kwanza njia ya juu, kutwa nzima vumbi na mahindi. Huko ndiko ulikokuwa ukilala ulipoendesha lori. Nani anakusubiri?"

"Jana nilikwambia tuanze na pwani," Fundi akasema. "Ukakataa. Nikauliza kwa nini. Ukajibuje?"

"Nilijibu ndivyo nilivyopanga."

"Umesikia jibu hilo?" mdogo mtu akadakia. "Dada, nenda zako na basi la kina mama wanaokwenda pwani. Kimebaki kiti kimoja, wanataka jibu leo."

Mtu aliyeishi barabarani huzoea kuongea na injini, na injini haiulizi kwa nini. Nikatoka. Nimeshika mlango wa pikapu, simu ikalia. Ujumbe wake:

"Kama una mtu ungeniambia tu. Mimi si mtoto. Kava zangu zitunze."

Nikazitazama zile kava, maua ya buluu, kila mshono umenyooka. Maisha yangu yote nimeondoka miji ya watu bila kutazama kioo cha nyuma. Safari hii mkono ulikataa kuwasha gari. Nilijua nikiondoka mlangoni pale sirudi, naye atapanda lile basi, basi tena.

Nikarudi ndani.

"Naomba vifungo viwili."

"Vya nini? Shati lako lina vyote."

"Fundi, nipe vifungo."

Akanipa, kimoja cheusi, kimoja cheupe. Nikachukua kisanduku chake cha pini, nikakiweka juu ya barabara ya chaki, vifungo nikavipanga juu yake ubavu kwa ubavu.

"Hii pikapu. Cheusi ni mimi, nimeshika usukani. Cheupe ni wewe."

"Kwa hiyo nimekuwa mviringo hivi?"

"Tulia kwanza. Tunaanza na pwani kama ulivyotaka." Nikakisukuma taratibu. "Bahari iko upande wa nani?"

Akainama. "Wako."

"Na dirishani kwako kuna nini?"

"Mlima."

"Ukuta wa mawe, Fundi, mwanzo mpaka mwisho. Bahari yote naipata mimi, na mimi nikiitazama tutaingia mtaroni. Sasa tupite njia ya juu mpaka kwenye mnara, tulale, halafu turudi kwa pwani."

Nikakigeuza kisanduku. Kifungo cheupe kikawa upande wa bahari, hakuna kitu kati yake na maji.

Fundi akakigusa kwa kidole, akakaa nacho hivyo.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningesemaje? Kwamba nilikaa nageuza kiberiti mezani, natafuta bahari ikae dirishani kwako? Mtu mzima mimi!"

"Hivyohivyo ndivyo ungesema."

"Makubwa!" mdogo mtu akaguna. "Mimi mume wangu kiti cha mbele anampa mama yake."

"Wewe nyamaza, umenitoa machozi ya bure. Wapigie simu, hicho kiti wampe mwingine." Kisha akanigeukia. "Na kulala? Kwa pesa yetu hii vyumba viwili hatuviwezi."

"Utalala ndani, mimi nitalala kwenye gari."

"Na mgongo wako huo? Asubuhi nani atakunyoosha?"

"Sasa tufanyeje?"

Akakisogeza kifungo cheupe mpaka kikagusana na cheusi.

"Oa."

"Nimuoe nani?"

"Abiria wako, mjinga wewe!"

Kochini chupa ya rangi ya kucha ilimwagika, na hakuna aliyejali.

Tulioana bila mbwembwe, mashahidi wachache, yeye na gauni alilojishonea mwenyewe. Kesho yake tukapakia chakula na chupa za chai. Mdogo mtu akaegemea dirisha langu.

"Shemeji, endesha polepole. Huyo si mzigo."

Vumbi la njia ya juu tulilila tukicheka. Na tulipoishika barabara ya pwani, mke wangu alishusha kioo, akatoa kichwa nje.

"Ona! Mume wangu, ona!"

"Sioni, naendesha."

"Basi endesha tu, nitakusimulia."

Akaanza na rangi ya maji. Hajamaliza mpaka leo.