Taa Nyekundu ya Kona ya Kiwanda

Jumanne, tarehe 16 Julai 1996. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye lami, na manyunyu ya baridi hayakuwa yamekatika tangu alfajiri. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kilomita chache chini ya Nkubu kwenye barabara ya Meru kwenda Embu, mjane mmoja aitwaye Wanja aligongwa na pikipiki akivuka kupeleka maziwa. Pikipiki haikusimama.

Kathambi, mwenye kibanda cha chai karibu na hapo, alimkuta kando ya lami, mguu umevunjika na maziwa yakitiririka mtaroni. Hakujua aanzie wapi. Kwa neema ya Mungu, baada ya dakika chache Gedion Kithinji, kijana wa mashine katika kiwanda cha kahawa, alitokea mbio kwenye njia ya kiwanda. Aliufunga ule mguu, akasimamisha pikapu, akambeba mama mikononi hadi hospitalini. Daktari alisema angechelewa saa moja zaidi, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Saa mbili, kwenye kizuizi cha polisi cha Chuka, upande wa Embu, mtu mmoja wa pikipiki alishikwa. Aliitwa Muchangi, mtaalamu wa serikali wa kupandisha na kuzalisha ng'ombe. Pikipiki yake ilikuwa na mkwaruzo mpya, na viatu vyake vilikuwa na damu.

Koplo Nelius Wawira alikabidhiwa faili saa nne.

"Kesho saa tatu anasimama kortini," Inspekta Riungu alimwambia. "Iandike vizuri tu. Kazi imekwisha."

"Ndiyo, afande."

Nelius alifunga mlango, akainamisha kichwa na kuomba kama alivyoomba kabla ya kila faili: asimwonee mtu. Kisha akaenda seli.

Muchangi alikuwa ameketi sakafuni, kipande cha katoni kikichungulia kwenye koti lake. "Hiyo damu ni ya ng'ombe, koplo. Jana jioni nilizalisha ndama huko Kaaga, Meru. Mkwaruzo ni wa lango la hapohapo. Waulize."

"Nitauliza. Ulipita kona ya kiwanda saa ngapi?"

"Kama saa kumi na mbili na robo. Nilimpungia mkono mama wa chai. Sikugonga hata kuku."

"Mbona ulikuwa na haraka?"

"Mke wangu Carol amelazwa Embu. Mtoto wa kwanza." Alitazama mikono yake. "Nimewazalisha ng'ombe wa watu miaka tisa. Wangu mwenyewe anazaliwa nikiwa hapa. Na nikifungwa, kazi imekwenda."

Saa sita Nelius alikuwa wodini. Wanja alikuwa macho, mguu umening'inizwa. Gedion alikuwa kando ya kitanda, amemletea mkate na chupa ya maziwa.

"Huyu ndiye malaika wangu," Wanja alisema. "Andika hapo kwa kitabu chako, binti yangu. Andika kwanza jina lake, halafu hayo mengine."

"Nimeandika, shosho," Nelius alimjibu, kama anayemjibu bibi yake. "Ulimwona aliyekugonga?"

"Sikuona mtu. Nilikuwa chini tu, natetemeka, hata mguu siusikii. Huyu kijana akapiga magoti kwa matope. Akafungua koti, akatoa katoni kutoka kifuani pake, akaikunja kuuzunguka mguu wangu na kuufunga kwa skafu yake. Hiyo katoni ilikuwa na joto bado. Nilisema, Mungu, hata katoni umenipashia moto."

Gedion aliinamisha kichwa. "Si kitu, shosho."

"Ulitoka wapi leo asubuhi?" Nelius alimwuliza.

"Nyumbani, bondeni chini ya kiwanda. Natembea kwenda kazini kila siku."

"Huna pikipiki?"

"Ninayo, lakini iko kwa fundi wa redio huko Kinoru, Meru, tangu Jumamosi. Ananirekebishia waya."

Saa nane Nelius alifika kibandani kwa Kathambi. Ukungu ulikuwa umeondoka. Kutoka benchi la wateja alihesabu hatua hadi mahali pa ajali, upande wa Embu: hatua sitini. Hatua ya thelathini ilikuwa njia ya murram, isiyo na lami, inayoingia kiwandani. Mtungi wa maziwa wa Wanja ulikuwa bado mtaroni, kama hatua tano hivi kutoka doa la damu, upande wa kibanda. Nelius aliutazama kwa muda. Mtu akitoka Meru akigonga mtungi, mtungi utaruka kwenda Embu. Huu ulikuwa umeruka kuja Meru.

Karibu na mtungi aliokota kitu kidogo chekundu, mfano wa punje ya mahindi, chenye vijiti viwili vya waya. Ilikuwa taa, aina ile inayowaka kwenye redio kaseti.

"Mama Kathambi, nieleze tena. Polepole."

"Nilishawaeleza polisi asubuhi. Pikipiki ilitoka juu, Meru, ikapita hapa, mwenyewe akanipungia. Kidogo tu, nikasikia kishindo. Nikatazama, nikaona taa yake nyekundu ikienda zake."

"Kidogo ni muda gani? Ulifanya nini katikati?"

"Nilichuja chai. Nikajaza termosi mbili. Nikamfukuza paka wa jirani, anapenda sana maziwa yangu."

"Hizo ni dakika tano. Pikipiki inahitaji dakika tano kufika pale?"

"Labda alisimama kwenda haja," Kathambi alisema.

"Labda. Hiyo taa ilikuwa namna gani?"

"Hafifu. Kama makaa yanayozimika. Nikajua tayari iko mbali."

"Ikapungua kidogo kidogo, ikapotea?"

"Hapana." Alikunja uso akikumbuka. "Ilipotea mara moja. Kama mtu ameifunika na sufuria."

"Basi ulijuaje kwamba inaenda?"

Kathambi alimtazama kama anayeulizwa jua linatokea wapi. "Si ilikuwa nyekundu? Inayokuja ni nyeupe, inayoenda ni nyekundu. Hata mtoto anajua."

Nelius aliketi kwenye benchi. Sheria ya barabarani aliikariri katika chuo cha polisi cha Kiganjo: mbele nyeupe, nyuma nyekundu, na mtu asiongeze ya kwake ya urembo inayochanganya hizo mbili. Hakuwahi kufikiri kwamba sheria ile ilikuwa lugha, na kwamba mtu angeweza kusema uongo kwayo bila kufungua mdomo.

"Umesema kweli yote, mama," alisema. "Niwekee chai, halafu ufunge kibanda. Saa kumi na moja nakuhitaji hospitalini."

Ghala la kiwanda halikuwa na kufuli. Nyuma ya magunia matupu kulikuwa na pikipiki. Taa yake kubwa ilikuwa imeungua, balbu nyeusi ndani. Lakini kwenye madigadi ya mbele, lile bati la kukinga matope, mpaka kuzunguka taa hiyo kubwa, zilipangwa taa ndogo nyekundu kama shanga. Katikati ya mstari palikuwa na tundu moja. Nelius alitoa ile punje mfukoni, akaisukuma tunduni kwa kidole. Ikakaa.

Saa kumi na moja Inspekta Riungu alifika wodini na Muchangi aliyefungwa pingu, ili Wanja amtazame. Kathambi alisimama mlangoni. Gedion alikuwa bado pale, akimmenyea mama ndizi.

"Simjui huyu," Wanja alisema. "Pole kijana, kama wamekusumbua."

"Afande," Nelius alisema, "naomba nimwulize Gedion jambo moja. Gedion, kwa nini ulikuwa na katoni kifuani?"

Kisu kilisimama kwenye ganda. "Ilikuwa baridi."

"Mtu anayepanda kilima kwa miguu hafungi katoni kifuani. Atalowa jasho. Anayefunga ni mtu wa pikipiki, upepo usimkate. Hata Muchangi anayo. Onyesha."

Muchangi alifungua koti kwa mikono yenye pingu. Kipande cha katoni ya sabuni kilikuwa pale.

"Hiyo yako ilikuwa na joto," Nelius aliendelea. "Ulikuwa umepanda muda mrefu. Na pikipiki haiko Kinoru. Nimeiona chini ya magunia, na taa yake ndogo nyekundu iliyong'oka nimeirudisha tunduni. Ulitoka upande wa Embu, hukutoka nyumbani. Mama Kathambi aliona taa ikija akadhani inaenda, kwa sababu ilikuwa nyekundu. Ilipotea mara moja kwa sababu ulikata kona kuingia kiwandani."

"Ngoja," Wanja alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nami niliiona. Sasa nakumbuka. Masikio yangu si ya kutegemea, natumia macho. Niliona kitu chekundu, nikasema, hiyo imeshapita. Ndipo nikavuka."

Gedion aliweka ndizi chini.

"Nilikuwa msimamizi wa bwana harusi, Jumamosi. Fundi alinifungia zile taa, watu wakapiga vigelegele. Jumapili nikaenda Runyenjes, karibu na Embu, kwa shangazi, nikalala huko siku mbili. Askari mmoja akanisimamisha, akasema nyekundu haiwekwi mbele, zitoe. Nikamwambia nitazitoa kesho. Jana usiku balbu ikaungua. Nikasema zile ndogo zitanifikisha." Alijifuta uso. "Nilipomgonga, kitu cha kwanza nilichofikiria ni zile taa. Kwamba wakizikuta nimefungwa. Nikaificha pikipiki. Kisha nikasikia akilia, nikarudi mbio. Nilitaka kusema, lakini kila mtu alikuwa ananishukuru."

"Na huyu?" Inspekta alimwonyesha Muchangi.

"Nilisikia wameshika mtu. Badala ya kusema, nikanunua mkate."

Inspekta Riungu alitoa ufunguo mwenyewe, akafungua pingu za Muchangi. "Nilikuwa nimeifunga hii kazi mapema mno," alisema. Muuguzi alimwelekeza Muchangi kwenye simu ya ofisini. Aliporudi alimshika Nelius mikono miwili. "Msichana. Saa nane mchana. Wote wazima. Mungu akubariki, koplo. Mungu akubariki."

"Asifiwe Yeye," Nelius alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Kathambi alikuja karibu. "Nisamehe, daktari wa ng'ombe. Nilikuwa karibu kukufunga kwa ukweli."

Wanja alinyosha mkono akamgusa Gedion begani.

"Asubuhi nilimshukuru Mungu kwa ajili yako, na shukrani hiyo siichukui tena. Ungeendelea na safari ningekuwa nimekufa. Lakini huyu baba wa mtoto angelala ndani kwa ajili ya urembo wako, na wewe ungekuwa unanimenyea ndizi. Sema mwenyewe utafanya nini. Sema wasikie."

Gedion alisimama. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine: Muchangi, Kathambi, muuguzi, askari wawili.

"Kesho saa tatu nitasimama kortini niseme ni mimi, koplo asipate kazi ya kuthibitisha kosa langu. Na siku nitakayotoka jela, hata ikiwa ni baada ya mwaka, nitabeba maziwa ya mama Wanja kwa miguu kila asubuhi mpaka aweze kuyabeba mwenyewe. Mbele yenu nyote, na mbele za Mungu, nimesema."