Vidole vya Bibi Rosalin

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Natalina alikuwa na kazi tatu. Aliwafungulia kuku, alichota maji ndoo mbili, kisha alitia uzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye kipande cha gunia kibarazani. Sindano hizo zilikuwa za bibi yake, Bibi Rosalin, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu tangu mwaka juzi. Mwanga aliuona, na mtu akipita aliona kivuli chake, lakini tundu la sindano na rangi za nguo vilikuwa vimempotea kabisa.

"Kumi na mbili tu?" Bibi aliuliza siku moja, akizihesabu kwa kuzigusa.

"Jana zilikubakia tatu, Bibi."

"Jana nilikuwa mvivu. Ongeza mbili."

Katika kijiji chao cha Wasidi, watu wa India wenye asili ya Afrika, kando ya msitu, kila nyumba ina kawandi, yaani blanketi la viraka linaloshonwa kwa mkono kutokana na nguo kuukuu za watu wa nyumba hiyo. Bibi Rosalin alikuwa ameshona kawandi tangu akiwa msichana, na hata macho yalipomwacha hakuacha. Vidole vyake vilijua mahali mshono ulipopita na mahali uliporuka. Novemba hiyo alikuwa na kazi kubwa mbele yake. Dada yake Natalina, Piyada, alikuwa amerudi nyumbani kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, na Bibi alikuwa ameahidi kumshonea mtoto huyo kawandi kabla ya Krismasi.

Jumamosi walifungua sanduku la bati. Kulikuwa na sari ya kijani aliyoolewa nayo mama, sketi ya shule ya Piyada, msuli wa baba, na gauni jeupe alilovaa Natalina siku ya Komunyo ya Kwanza. Chini kabisa kulikuwa na shati la kaki la Babu Kaitan, marehemu mume wa Bibi. Babu alikuwa amekwea mipopoo ya watu kwa miaka thelathini akivuna popoo za kutafuna, na shati lake lilikuwa na madoa ya utomvu kifuani yasiyotoka hata kwa magadi.

"Tutashona mtindo gani, Bibi?" Natalina aliuliza. "Mimi nataka miraba, nyekundu na njano zikipishana. Kama ile ya kina Mariyana."

"Viraka vikubwa ni vya watu wazima," Bibi alisema. "Mtoto anataka vidogo vidogo, apate cha kutazama. Kwa hiyo miraba midogo, sawa, nimekubali. Lakini sisi hatuanzi kwa kuchagua rangi. Tunachagua watu kwanza. Nani na nani watamfunika huyu mtoto? Tukishajua hao, ndipo rangi zijipange."

"Na kama mtu mwenyewe rangi yake mbaya?"

"Basi atakaa karibu na mwenye rangi nzuri, kama kanisani," Bibi alijibu, na Piyada aliyekuwa akimenya fenesi mlangoni akacheka. "Wewe ndiye macho yangu. Utanipangia viraka, mimi nitashona. Ila shati la babu yako liwe kwenye kona ya kwanza. Hapo ndipo kazi inapoanzia."

Kawandi huanzia kwenye kona, ikazunguka ukingoni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ifike katikati. Kwa hiyo kona ya kwanza ndiyo ya heshima.

Jioni hiyo rafiki yake Mariyana alipita, akaona nguo zimetandazwa. Mariyana hakuwa mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki.

"Mnashona kawandi au mnashona gunia la viazi?" aliuliza akilinyanyua shati la Babu kwa vidole viwili. "Mtoto akifunikwa hili atadhani yuko ghalani! Yetu mama aliongezea mabaki mapya kutoka kwa fundi cherehani. Subiri, nyumbani kipo kipande chekundu kimebaki. Nitakuletea."

Natalina alicheka naye, lakini aliona aibu. Usiku alilala akiwaza wageni watakaokuja siku ya ubatizo, na kona ile yenye madoa mbele ya macho yao. Asubuhi Mariyana akaleta kipande chake, chekundu kama pilipili.

Shetani naye hakuchelewa. Siku hiyo hiyo mama alirudi kutoka shambani akilalamika kuwa kasuku wanamaliza mpunga. "Nata, chukua shati lolote kuukuu, ukalivishe sanamu la kutishia ndege," alisema. Natalina alichukua shati la Babu Kaitan, akalipeleka shambani, akalivisha sanamu la fimbo mbili na majani makavu. Aliporudi alikata kile kipande chekundu, akakiweka kwenye kona ya kwanza.

"Ndilo shati?" Bibi aliuliza.

"Ndilo, Bibi."

Bibi alikunja ukingo wa kitambaa, akachoma sindano. Ikagoma. Akachoma tena. "Mbona gumu hivi? Shati la mzee lilikuwa limelainika kama sikio la mbuzi."

"Limekaa sandukuni siku nyingi, Bibi. Nguo zikikaa zinakakamaa."

Bibi alikisugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada. "Labda," alisema, akaendelea kushona.

Wiki mbili zilipita. Natalina alipanga viraka, Bibi akashona, na kawandi ikapendeza kweli. Kijani cha sari kilikaa karibu na weupe wa gauni, na mishono midogo ya Bibi ilipita juu ya vyote kwa mistari iliyofuatana. Natalina alijaribu kutoitazama ile kona. Mara nyingine alifaulu hata kusahau.

Jumapili moja baada ya misa, Piyada aliketi kibarazani kwa shida, tumbo likiwa limetangulia. "Bibi, nionyeshe nani yuko wapi," alisema.

Bibi alipitisha mkono juu ya viraka. "Huyu mama yako. Huyu wewe, hapa ulipokuwa ukijifutia wino, mjinga wewe. Huyu baba yako." Mkono ukafika kwenye kona. "Na huyu babu yenu." Piyada alitazama ule wekundu kwa mshangao, lakini Natalina akamtikisia kichwa asiseme. Bibi aliinua kona ile, akaiweka shavuni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaishusha taratibu.

Natalina alitazama sakafu. Shavu la bibi yake lilikuwa limelala juu ya kipande cha fundi cherehani, na aliyekiweka hapo ni yeye.

Kesho yake asubuhi alikuta Bibi amekaa bila gunia la sindano mapajani.

"Leo usitie uzi, mjukuu wangu."

"Kwa nini, Bibi? Imebaki sehemu ndogo tu ya katikati."

"Hiyo nitamwomba mama yake Mariyana aimalizie. Mimi nimemaliza kushona." Bibi aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayesema chumvi imekwisha. "Macho yalipokwenda sikulia, nilijua vidole vipo. Sasa vidole navyo vimekwenda. Shati nililofua miaka thelathini, nililotia kiraka begani kwa mkono wangu, nimeliweka shavuni jana, nikaona nimeshika nguo ya mtu nisiyemjua. Mshonaji asiyeitambua nguo ya mumewe anashona nini? Haya, nenda shule, utachelewa."

Natalina alikwenda, lakini hakufika mbali. Kwenye njia panda alisimama, begi mgongoni. Alikuwa amedhani uongo wake umebadilisha rangi ya kona moja tu. Hakujua kwamba ungemfanya Bibi aache kuviamini vidole vyake mwenyewe. Akageuka, akakimbia kwenda shambani.

Sanamu lilikuwa limesimama katikati ya mpunga, na ndege mmoja alikuwa ametulia begani mwake bila hofu yoyote. Natalina alilivua shati, akalikung'uta majani. Mkono mmoja ulikuwa umeraruka na kola ilikuwa na mavi ya kasuku. Kifua na mgongo vilikuwa salama.

Alifika nyumbani akihema, akapiga magoti mbele ya Bibi na kumwekea shati mikononi.

Bibi alilishika. Vidole vikapanda begani, vikakuta kiraka. Vikashuka kifuani, vikakuta madoa yaliyokakamaa. Vikatafuta kifungo cha tatu, ambacho hakikuwapo tangu zamani.

"Kaitan," alisema.

"Nilikudanganya, Bibi," Natalina alisema akilia. "Ile kona ni kitambaa cha fundi, kutoka kwa kina Mariyana. Niliona haya kwa ajili ya madoa. Shati nililivisha sanamu la kutishia ndege. Vidole vyako vilikwambia kweli siku zote. Mimi ndiye niliyedanganya."

Kwa mshangao wa Natalina, Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika, machozi yakimtiririka. "Kumbe ni vizima! Yesu na Mariamu, vidole vyangu ni vizima!" Alivinyoosha vyote kumi mbele ya uso wake ingawa hakuweza kuviona. Halafu kicheko kikakatika, akamshika Natalina sikio.

"Na wewe! Babu yako alikulipia ada ya shule akining'inia juu ya mipopoo, wewe unampeleka akatishe kasuku?"

"Nisamehe, Bibi. Nitafumua ile kona sasa hivi."

"Hutafumua kitu. Mizunguko yote imeanzia pale. Ukiifumua ile kona umefumua kazi ya wiki mbili. Itabaki. Babu yako atakaa katikati, na utamshona wewe mwenyewe, kwa mishono midogo. Ukishona mikubwa, vidole vya miguu vya mtoto vitanasa, nami nitajua, maana vidole vyangu ni vizima. Leta sindano."

Natalina alishona siku tatu, akajichoma mara nyingi, na mara mbili Bibi alimfumulia mstari mzima. Kabla ya kuufunga mraba wa mwisho, waliweka punje chache za mchele chini yake, kwa kuwa tumbo la kawandi halifungwi likiwa na njaa. Kisha Bibi akashonea maua ya kitambaa kilichokunjwa kwenye pembe zote nne, maana kawandi isiyo na maua hayo, wanakijiji husema iko uchi.

Mtoto alizaliwa wiki moja kabla ya Krismasi, msichana. Siku ya ubatizo, Mariyana alikuja na wageni, akaikagua kawandi kiraka kwa kiraka huku Natalina akimtajia wenyewe. Alipofika kwenye kona nyekundu, Mariyana aliitambua.

"Hiki si kile nilichokupa? Hiki ni cha nani kwenu?"

Watu walikuwa wengi. Natalina angeweza kusema lolote. "Ni changu," alisema. "Nilimdanganya Bibi kwamba ni shati la Babu. Babu mwenyewe yuko pale katikati, mwenye madoa."

Mariyana aliinama, akayagusa yale madoa kwa kiganja. Bibi Rosalin, aliyekuwa amempakata mtoto, alisikia yote.

"Umesema vizuri," alisema. "Anayekudanganya hakuibii kitu kimoja tu. Anakufanya uache kuamini macho yako, vidole vyako, na akili yako mwenyewe. Hiyo ndiyo dhambi yake kubwa. Na anayesema kweli, hata akichelewa, anakurudishia vyote." Alimvuta mtoto karibu, akamfunika vizuri. "Kesho asubuhi, sindano kumi na sita. Mama yake Mariyana anataka kawandi."