Betri Iliyolala Nje

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Shangazi Ogdo alikwenda kulisikiliza gari la zahanati ya kijiji chetu cha Kuelbe. Wengine huanza kwa kuliangalia gari. Yeye alipiga stata, akashuka, akainua upande mmoja wa kofia yake ya manyoya na kuliacha sikio wazi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Hakuzidisha hapo, kwa sababu baridi ya Januari haina adabu na masikio ya watu.

Kunnei, mtoto wa kaka yake, mwenye miaka kumi na mitatu, alipenda kusimama kando akimtazama. Alikuwa akiishi na shangazi yake kipindi chote cha shule, kwani wazazi wake walichunga farasi mbali sana na kijiji. Hapo kando ya gari ndipo alipofundishwa kelele za baridi. Mkanda wa feni ukilia kama mtoto wa mbwa, uache, utanyamaza ukipata joto. Usukani ukikoroma, ni mafuta yake yamekuwa mazito. Gari likienda gugu-gugu-gugu mwanzo wa safari, usidhani gurudumu linang'oka. Ni matairi yamelala usiku kucha yakaganda bapa upande wa chini, na baada ya kilomita mbili yatakuwa mviringo tena.

"Hayo ni manung'uniko tu," Shangazi alimwambia. "Hata mimi nikiamka nanung'unika. Mlio wa ugonjwa ni mwingine, na ukiujua huo utakuwa dereva."

Kunnei alitaka kuwa dereva. Na nani asingetaka, akimwona Ogdo? Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mashavu mekundu na maneno machache, aliyekuwa ameendesha gari lile juu ya mto ulioganda kwa miaka kumi na minane bila kumwacha mgonjwa njiani hata mmoja. Wanaume wa kijijini kwetu, ambao hupenda sana kujisifu kuhusu magari, walinyamaza yeye alipopita.

Majira hayo ya baridi bomba la joto la gereji lilipasuka, kwa hiyo gari likawa linalala nje, ubavuni mwa zahanati, limefunikwa blanketi nene la pamba. Lakini betri ilikuwa lazima ilale ndani, nyuma ya jiko la zahanati. Kwa kuwa Shangazi alikuwa ameteguka bega, kazi hiyo alipewa Kunnei. Kila jioni akitoka shule, alizifungua nyaya, akaiweka betri kwenye kitelezi chake kidogo cha mbao cha kuburuta thelujini na kuivuta hadi mlangoni. Ilikuwa nzito, naye aliionea fahari.

Siku moja gari lilirudi safari saa za kutoka shule, na ndani yake mlikuwa bado na joto. Shangazi alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Kunnei na rafiki yake Sahaya waliingia, wakafunga milango, wakawasha redio. Kisha wakawasha taa ili waonane vizuri, kisha na feni ya joto. Waliimba nyimbo zote walizozijua na nyingine ambazo hawakuzijua. Hawakuangalia saa. Walishtuka redio ilipoanza kunong'ona, taa zikafifia, na baridi ikapenya hadi vidoleni. Wakacheka, wakalifunika gari, wakakimbilia makwao. Kunnei alijiambia kwamba angerudi kuichukua betri baada ya kula.

Baada ya kula kulikuwa na supu ya pili, kisha usingizi.

"Betri imelala ndani?" Shangazi aliuliza, kama alivyouliza kila jioni.

"Imelala," Kunnei alijibu. Neno lenyewe lilikuwa dogo, likatoka upesi.

Asubuhi redio ilitangaza nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri, na shule ikafungwa. Siku kama hizo watoto wa Kuelbe hufurahi kuliko sikukuu. Kunnei hakufurahi. Alitoka mapema kabla ya mtu kumwona, akaifungua betri na kuivuta hadi nyuma ya jiko. Alipoiinamisha kuipitisha kizingitini, kuna jambo alilikosa. Siku zote betri ikiinama, maji yake husikika ndani yakicheza, chubwi, chubwi. Leo ilikuwa kimya kabisa, maji yamekuwa barafu. Akajifariji kwamba jiko litaiyeyusha, na hakuna atakayejua.

Haikupita saa moja. Nesi wa zahanati, Mama Lukeria, alipiga simu nyumbani kwa Shangazi. Sahaya alikuwa amelia usiku mzima na tumbo, upande wa kulia chini. Ilikuwa kidole tumbo, na kwa jinsi tumbo lilivyokuwa gumu kilikaribia kupasuka. Alitakiwa kufika hospitali ya wilaya, kilomita tisini, siku hiyohiyo. Helikopta isingeweza kuruka katika ukungu ule wa baridi. Lilibaki gari.

Kunnei alimfuata shangazi yake bila hata kufunga skafu. Shangazi hakukimbia. Aliingia zahanati, akamega kipande cha chapati ya maziwa na kukitupa motoni, kwa sababu hakuna anayeanza safari kwetu bila kuulisha moto, hata kama amechelewa. Kisha akalala chali juu ya theluji, bega bovu na yote, akaweka bomba linalotema moto wa gesi chini ya injini ili kuilainisha oili. Alikaa hapo dakika arobaini, akisogeza moto huku na huku asiunguze mpira hata mmoja. Nyusi zake zikawa nyeupe kwa barafu. Kunnei alimtazama, na kila alivyozidi kumstahi ndivyo alivyozidi kujichukia.

Betri ikafungwa mahali pake. Shangazi akageuza ufunguo.

Tik. Tik-tik. Basi.

"Ajabu," Shangazi alisema. "Betri iliyolala jikoni hailii hivi."

Akazikagua nyaya, akazikwangua, akajaribu tena. Tik. Kutoka ndani ya zahanati ilisikika sauti ya Sahaya akimwita mama yake. Shangazi akampungia mkono Mzee Baibal, jirani mwenye trekta, ambaye huliwasha trekta lake mwezi wa Novemba na kulizima Machi. Mzee akaja akinguruma nalo, akauliza kwa utani kama leo malkia wa barabara anaomba msaada wa trekta. Wakaamua kuunganisha nyaya kutoka betri ya trekta hadi ya gari. Shangazi akainama juu ya betri, uso wake karibu kuigusa, mkono wake ukiwa na waya.

Kunnei alijua. Kila mtoto wa Kuelbe anamjua yule fundi wa kijiji cha juu aliyeunganisha waya kwenye betri iliyoganda, ikamlipukia, na tangu hapo anaona kwa jicho moja.

"Shangazi, usiiguse!" alipiga kelele. "Imeganda. Haina sauti ndani. Ililala nje."

Shangazi aliganda vilevile alivyokuwa. Kisha akaondoa waya polepole, akavua glavu, akapapasa ubavu wa betri. Ulikuwa umevimba. Kunnei alisema yote kwa pumzi moja: redio, taa, supu, uongo wa jioni na betri aliyoiingiza asubuhi. Machozi yalimgandia kopeni.

Shangazi hakumpiga wala hakumfokea. Alimwuliza Mzee kama ana betri nyingine.

"Ninayo kando ya kitanda," Mzee alijibu. "Mke wangu husema naifunika vizuri kuliko ninavyomfunika yeye."

"Kunnei," Shangazi alisema, "chukua kitelezi."

Alikimbia kama hajawahi kukimbia, mdomo ukiwa ndani ya skafu ili baridi isimchome mapafu. Aliporudi akiivuta betri ya Mzee, alisimama kwanza, akaiinamisha kidogo na kuweka sikio. Chubwi, chubwi. Ndipo akasema, "Hii ni nzima, Shangazi."

Shangazi alikanyaga klachi hadi chini, akazima kila taa, akageuza ufunguo. Injini ilijivuta kwa shida, ngr, ngr, ikasita. Ngr, ngr, ngr. Mara ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Mkanda wa feni ulilia kama mtoto wa mbwa, na Kunnei hakuwahi kusikia kitu kitamu kama hicho. Sahaya alitolewa amefungwa ndani ya ngozi za farasi, Mama Lukeria kando yake. Gari likaondoka gugu-gugu-gugu, likashuka mtoni, likamezwa na ukungu.

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Kunnei alikaa na Mzee Baibal nyuma ya jiko la zahanati, karibu na ile betri iliyovimba, wala hakuna aliyempa neno la kumfariji. Jioni simu ikalia. Walikuwa wamefika. Sahaya alikuwa amepasuliwa, na daktari amesema wangechelewa saa mbili zaidi mambo yangekuwa mengine.

Shangazi alirudi kesho yake mchana. Alikula samaki wabichi walioganda, chakula cha kwetu, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akamwita Kunnei nje, wakasimama mbele ya gari linalonguruma.

"Unasikia?" alimwuliza.

"Mkanda. Na usukani."

"Gari hili ni zee, lakini halijawahi kunificha kitu. Likiumwa linalia, nami nalitibu. Ndiyo maana naliamini juu ya barafu. Jana lilisema tik, likaniambia betri mbovu, nami sikuliamini gari. Nilikuamini wewe. Kusahau ni manung'uniko tu, mwanangu, kila mtu anayo. Ugonjwa ni kuficha. Lakini uliposema, ulisema kabla waya haujagusa, ingawa ulijua kwamba nitajua ulinidanganya. Kwa sababu hiyo nina macho mawili leo."

Kunnei alilia, na safari hii Shangazi alimfuta machozi kwa glavu kabla hayajaganda.

Jioni hiyo betri ya Mzee Baibal ilifunguliwa, ikawekwa kwenye kitelezi, ikavutwa hadi nyuma ya jiko. Wakati wa kula Kunnei alisubiri swali lake, jibu likiwa tayari mdomoni. Shangazi Ogdo alimwongezea supu, akamwuliza habari za shule. Swali la betri hakuliuliza, wala hakwenda kuchungulia nyuma ya jiko, siku hiyo wala nyingine yoyote.