Aliyetoka Katikati ya Mechi

"Wewe! Shuka kwa chakula ya kuku zangu!"

Hiyo ndiyo salamu ya kwanza ambayo Mwelu Ndambuki alimpa Lennox Nalianya. Ilikuwa Februari mwaka 2003, mbele ya duka la televisheni pale Kitengela. Kenya ilikuwa inacheza kriketi na Sri Lanka, na mji mzima ulikuwa umesongamana kwenye dirisha moja, hata watu ambao mwezi mmoja nyuma hawakujua kama kriketi huchezwa kwa mguu au kwa mkono.

Lennox alikuwa amepanda juu ya gunia alilolikuta chini, apate kuona. Alishuka mbio, tai ikiwa imemrukia begani, akakutana na msichana wa sketi ya jinzi na blauzi ya manjano, rasta nyembamba zimefungwa kisogoni, macho makali.

"Pole, siste. Nilidhani ni ya duka."

"Na ikiwa ya duka ndio unapanda?"

"Nilitaka kuona kama tumefunga."

Mwelu alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. "Kriketi hakuna kufunga, mwalimu."

"Nani amekuambia mimi ni mwalimu?"

"Hiyo chaki kwa suruali."

Basi Mwelu alimfundisha pale pale, mpira kwa mpira. Mama yake, Mama Mbeke, alipika miaka mingi katika klabu moja ya kriketi Nairobi, na hata baada ya familia kuhamia Isinya kufuga kuku, hakuna mechi iliyompita. Kenya iliposhinda, watu wasiojuana walikumbatiana barabarani. Lennox hakukumbatia mtu. Alibeba gunia mpaka kituoni, akaomba namba ya simu.

Mapenzi yakaanza kwa simu, maana Isinya si karibu na mwalimu hana nafasi.

"Halo, mwenye gunia."

"Halo, mpanda gunia. Umekula?"

"Nimekula ugali na upweke."

"Si uongeze chumvi!"

"Mwelu, dia, nataka kuona kwenu."

"Kuja Jumamosi. Tunacheza na Australia. Lakini nitasema wewe ni mtu wa kriketi tu. Sijawaambia bado."

Neno hilo halikumpendeza Lennox. Lakini mtu akipenda humeza mengi, akasema sawa.

Jumamosi hiyo alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Televisheni ndogo ilikuwa mezani, inanguruma kwa betri ya gari. Mama Mbeke alikuwa ameketi karibu nayo kuliko wote, leso begani. Mzee Ndambuki alikuwa anasinzia.

"Huyu ni Lennox. Anapenda kriketi," Mwelu akasema haraka haraka.

"Karibu, kijana. Keti, usinizibie," akajibu Mama Mbeke.

Kenya ilikuwa imepata mbio chache, yaani pointi chache, na usiku ulipoingia Waaustralia walikuwa wanazifukuzia bila jasho. Mara mkongwe mmoja wa Kenya akapewa mpira. Alirusha polepole, kwa adabu, kama mtu anayemgawia mgeni chakula. Mpigaji mmoja wa Australia akatoka nje ya mchezo. Wa pili akatoka. Wa tatu! Mzee Ndambuki akaamka akidhani wameingiliwa na wezi. Mama Mbeke alikuwa amesimama, leso mkononi.

"Polepole, baba! Usimpe nafasi huyo!" akaipigia televisheni kelele.

Kwa furaha hiyo akamgeukia mgeni. "Kijana, usihangaike na barabara usiku huu. Nimekutandikia hapo chumba cha Mbuvi, kaka yake Mwelu. Yeye ako shule ya bweni."

Lennox akasimama wima. "Asante, mama. Lakini lazima niende."

"Sasa? Na mechi iko hapa?"

"Lazima, mama."

Mwelu alimkimbilia hadi getini. "Kuna nini?"

"Siwezi kulala hapa. Wewe unajua."

"Sijui! Nyumba yetu ni chafu?"

"Basi kama haujui, Mwelu, nimekosea mimi." Akaenda zake gizani, akasimamisha lori barabara kuu. Ndani, Australia wakashinda hatimaye.

Rafiki yake Mwelu, Kathini, alikuwa na jibu tayari. "Jumamosi usiku mwanaume anakimbilia Kitengela? Huyo ameoa, ako na bibi, wacha kujidanganya."

Mwelu akaacha kushika simu. Lakini moyo! Kila ilipolia aliitazama mpaka inyamaze, kisha akalia yeye. Na Lennox, chumbani kwake, alisahihisha vitabu na kujiuliza kama alikuwa mpenzi au mtazamaji tu.

Siku chache baadaye, wakilisha kuku, Mama Mbeke akauliza, "Yule kijana ni nani kwako?"

"Ni mtu wa kriketi."

"Mtu wa kriketi hawezi kutoka mchezo ukiwa mtamu hivyo. Niangalie."

Mwelu akalia. "Nampenda, mama. Na alidharau kitanda chetu."

Mama Mbeke alipiga makofi, kuku wakatawanyika. "Mungu wangu! Kumbe nilimtandikia mkwe kitanda! Wewe mtoto, mtu atalala aje kwa nyumba ya mama mkwe wake? Sisi Wakamba hatufanyi hivyo, na Waluhya kama yeye ni vile vile. Hakutudharau. Aliniheshimu mimi kabla hajaleta hata mbuzi mmoja."

Mwelu alikimbilia simu.

"Lennox, ulimhesabu mama yangu kuwa mama mkwe?"

"Tangu nilipoingia geti."

"Na haukusema!"

"Ningesema aje, na umeshanitangaza mimi ni mtu wa kriketi?"

"Nisamehe, mpenzi. Nilijificha, nikakuficha. Kuja kesho, tunacheza na India. Nitasema vizuri. Utalala kwa jirani, Mzee Kasaine. Nimeshamwomba."

Ilikuwa nusu fainali. Kenya haikuwa imewahi kufika hapo, na Mama Mbeke hakuwa na hadithi nyingine wiki hiyo nzima. Alipanguza televisheni mara mbili, akapika chapati mapema asije akabanduka.

Kenya ilipokuwa inaingia kupiga, Mwelu akasimama. "Baba, mama. Huyu ni Lennox Nalianya. Anataka kunioa, na mimi nataka."

Mzee Ndambuki alikohoa, akamtazama mkewe. Katika nyumba hiyo, jambo ambalo Mama Mbeke hajalikubali halikuwa jambo. Mama Mbeke akaitazama televisheni mara ya mwisho. Kisha akachukua leso yake, akainuka, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Lennox akainamisha kichwa. Mwelu akaufuata ule mlango. "Mama? Umekataa?"

"Nikatae nini? Niambie, mmoja ashatoka?"

"Si ukuje uone mwenyewe!"

"Nitaketi aje hapo na mkwe wangu?" sauti ikajibu. "Mpe kiti changu. Wewe kaa hapo mlangoni uniambie kila kitu. Na usinidanganye."

Mzee Ndambuki akacheka mpaka akashika mbavu. Lennox alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakatikisika kwa kicheko. Naye Mwelu akaketi chini, mgongo kwenye mlango wa jikoni, akamsimulia mama yake kila mpira hadi Kenya iliposhindwa.